Kijana Akiuliza Biblia Iliandikwa na Nani: Mwongozo wa Kiongozi wa Jumuiya

Swali haliji wakati wa mahubiri. Huja baadaye, ibada ya jumuiya ikishafungwa, mama mwenye nyumba akipitisha chai ya maziwa na kila mtu akisogeza stuli karibu na jiko la mkaa, maana jioni ya Juni ya Mbeya haina mchezo. Kijana aliyerudi likizo kutoka chuoni anakohoa kidogo, kisha: “Mwalimu, hii Biblia si iliandikwa na watu? Sasa tunajuaje kwamba ni ya Mungu?”

Kimya. Mzee wa kanisa anasema, “Mwanangu, wewe amini tu.” Wengine wanaitikia amina. Kijana anatabasamu kwa adabu, anamaliza chai yake, na Jumatano inayofuata haji.

Nimeliona hili Uyole, nimeliona Kihesa kule Iringa, kwa Walutheri, kwa Wamoravian na kwa Wakatoliki. Mwongozo huu ni wa anayeachwa na swali hilo mikononi: katekista, mwinjilisti, mwalimu wa kipaimara, mama kiongozi wa jumuiya. Unahitaji jioni tano au sita, daftari moja, na moyo wa kutoogopa kitabu chako mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jua anauliza nini

Usijibu papo hapo. Muulize kwa upole, “Umekutana na nini hadi ukauliza?” Maneno yanaweza kuwa yale yale, kidonda kikawa tofauti. Mmoja amebishana na mwenzake Mwislamu bwenini, akaambiwa Biblia imebadilishwa. Mwingine amesoma historia. Wa tatu, na hawa wanaongezeka, hana shida na Biblia hata kidogo: mama yake ameuza mahindi ya akiba akanunua chupa ya maji ya upako, baada ya kuonyeshwa mstari. Huyo ukimpa somo la magombo ya kale umemtesa bure. Mpeleke moja kwa moja hatua ya mwisho.

Hatua ya pili: kusanyeni Biblia, si Biblia moja

Kila mtu aje na aliyonayo. Mkizipanga mezani mtashangaa. Pengine kutakuwa na Union Version, ile ya mwaka 1952, iliyoitwa hivyo kwa sababu ilikusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri ya Mombasa na wale wa tafsiri ya Zanzibar. Kutakuwa na Habari Njema, ambayo Agano Jipya lake lilitoka 1977. Mkatoliki atakuja na yenye vitabu 73. Bibi fulani anaweza kutoa sandukuni ya Kinyakyusa au ya Kibena iliyokatika jalada. Vijana watakuwa nayo kwenye simu, waruhusu, ila wazime data, meseji za WhatsApp zimewahi kuvunja vipindi vizuri kuliko hiki.

Waambie kwa kifupi kilichotangulia. Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo Mombasa mwaka 1844. Biblia nzima ya Kiswahili ilipatikana 1891, ikijengwa juu ya kazi ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar, ambaye hakuiona ikikamilika kwani alifariki 1882. Mwaka huo huo wa 1891 Wamoravian wakiongozwa na Theodor Meyer walifika Rungwe, na Wamisionari wa Berlin chini ya Alexander Merensky wakaingia Unyakyusa pia. Watu wa kusini walianza kulisikia Neno kwa lugha zao wakati Kiswahili chenyewe kilikuwa ndiyo kwanza kimepata Biblia kamili.

Faida ya meza hii ni kwamba hofu inapungua. Mtu akiona Biblia nne zinasema jambo lile lile kwa maneno manne, anaanza kuelewa kwamba kuuliza juu ya maneno si kumtukana Mungu.

Hatua ya tatu: fundisha uvuvio kwa kufungua kurasa

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wetu tunaharakisha. Kaa jioni mbili nzima.

Anza na 2 Timotheo 3:16. Msomaji wa Union Version asome, kisha wa Habari Njema. Watakuta mmoja anazungumzia pumzi ya Mungu na mwingine uongozi wa Mungu. Waulize kwa nini. Mtume alitumia neno moja la Kigiriki, theopneustos, ambalo ndani yake mna Mungu na mna kupuliza. Watafsiri wa kwanza wameibakiza picha ya pumzi, wa pili wametoa maana yake. Kisha someni 2 Petro 1:21, inayosema kwamba manabii walikuwa watu, walisema kweli, ila waliongozwa na Roho. Angalia neno “watu” lilivyokaa hapo bila aibu. Kijana aliyesema Biblia iliandikwa na watu alikuwa anamnukuu Petro bila kujua. Mwambie hivyo mbele ya wote, nawe utakuwa umemrudisha kikaoni.

Sasa waonyeshe hiyo mikono ya watu. Warumi 16:22: Tertio anajitokeza ghafla kusalimia, kwani ndiye aliyeushika wino, Paulo akisema yeye akiandika. 1 Wakorintho 1:14–16: Paulo anataja aliowabatiza, anakumbuka wengine, kisha anakiri kwamba zaidi ya hapo hana kumbukumbu. 2 Timotheo 4:13: anaomba aletewe joho lake aliloliacha Troa, na vitabu. Aliyepata kulala Makete mwezi wa saba anaelewa kwa nini mfungwa anakumbuka joho kabla ya vitabu. Luka 1:1–4: mwinjilisti anasema amechunguza, amefuatilia kwa mashuhuda, amepanga. Hadai kwamba alipitiwa na usingizi akaamka na kitabu.

Na Yeremia 36 msikose. Nabii anasema, Baruku anaandika. Gombo linasomwa mbele ya Mfalme Yehoyakimu aliyeketi karibu na makaa ya moto kwa ajili ya baridi. Kila kipande kikisomwa mfalme anakikata kwa kisu na kukitupa motoni mpaka gombo lote linaisha. Halafu? Yeremia anamwita Baruku tena, wanaandika upya, na mengine yanaongezwa. Lisomeni hilo mkiwa mmezunguka jiko la mkaa. Hakuna maelezo yatakayowafundisha zaidi jinsi Neno la Mungu lilivyo la mbinguni na wakati huo huo ni karatasi inayoungua.

Zamani nilikuwa nikitoa mfano wa mama wa Kilolo asiyejua kuandika anayemwandikisha mjukuu barua ya kwenda Dar es Salaam: makosa ya tahajia ni ya mjukuu, maneno ni ya mama. Mfano huo watu waliupenda, lakini nimeuacha. Unamfaa Paulo na Tertio, haumfai Mungu na Luka. Luka hakuwa karani. Imani ya Kikristo juu ya uvuvio inasema jambo gumu zaidi: kwamba mtu aliandika kwa akili yake, utafiti wake, na hata hasira yake, na bado Kanisa linayapokea maandishi hayo kuwa ni Neno la Mungu.

Hapa pia ndipo pa kumsaidia yule aliyebishana bwenini. Mwislamu anaamini Kurani iliteremshwa kwa Mtume Muhammad kwa Kiarabu, neno kwa neno. Mkristo hasemi hivyo kuhusu Biblia. Kijana wetu anashindwa mjadala kwa sababu anajaribu kuitetea Biblia kana kwamba ni kitabu cha namna hiyo, kisha anaonyeshwa Paulo akisahau majina ya aliowabatiza, na kijana anakosa la kusema. Afahamu imani yake inadai nini kabla ya kuitetea. Na amheshimu mwenzake, wataonana kesho kwenye foleni ya chakula.

Hatua ya nne: nakala na orodha

Sema ukweli mapema: hatuna barua hata moja yenye mwandiko wa Paulo mwenyewe. Tuna nakala za nakala. Kwa Agano Jipya la Kigiriki zinazojulikana ni zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa na sehemu tu ya Agano Jipya. Kimoja kidogo, chenye mistari ya Yohana 18, kipo Manchester, Uingereza, na kwa kawaida wataalamu hukiweka katika karne ya 2. Kwa Agano la Kale, mwaka 1948 dunia ilisikia habari za magombo yaliyopatikana mapangoni Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Gombo la Isaya la huko lina urefu wa zaidi ya mita 7, na lina umri wa takriban miaka elfu moja zaidi ya nakala kamili za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa kabla yake. Lilipolinganishwa nazo, tofauti zilikutwa, nyingi zikiwa za tahajia na maneno madogo, na Isaya akabaki Isaya.

Usifiche tofauti. Fungueni Marko 16, matoleo kadhaa yanaweka mabano au maelezo chini ya ukurasa kuanzia mstari wa 9, kwa kuwa nakala mbili za zamani sana, ya Sinai na ya Vatikani, zote za karne ya 4, zinakomea mstari wa 8. Kijana akiyaona mabano hayo kwako, hatatetemeka akionyeshwa na mtu mwingine barabarani.

Kuhusu vitabu 66 na 73, usiruhusu ugomvi. Eleza kwamba Wakatoliki wana Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na vitabu viwili vya Wamakabayo, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Walutheri wakumbushwe kuwa Luther mwenyewe aliviweka katika Biblia yake ya 1534, mahali pa pembeni, kama vitabu vizuri kusomwa ingawa si sawa na Maandiko. Kwa vitabu 27 vya Agano Jipya hakuna mzozo, na orodha yake tunaikuta Afrika: katika barua ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, mwaka 367, kisha katika mitaguso ya Hippo 393 na Kartago 397, katika nchi ambazo leo ni Algeria na Tunisia. Wanaopenda kusema Biblia ni kitabu cha Wazungu wapewe ramani.

Lakini ujue mpaka wa somo hili. Gombo la Isaya linaweza kukuonyesha kwamba maneno yalinakiliwa kwa uangalifu. Haliwezi kukuonyesha kwamba Mungu aliyasema. Nimewahi kuwasikia wahubiri wakitoka Qumran hadi “kwa hiyo ni Neno la Mungu” kwa hatua moja, na wasikilizaji wenye akili wanaliona shimo hilo. Hapo ni mahali pa imani. Mkatoliki atasema analipokea kwa ushuhuda wa Kanisa, na wanaomfuata Calvin watasema Roho analishuhudia moyoni mwa msomaji. Sema hivyo hivyo, usiongeze sauti.

Hatua ya tano: waache watafute migongano wenyewe

Gawa makundi mawili. La kwanza lisome 1 Wafalme 4:26, la pili 2 Mambo ya Nyakati 9:25, kila moja litoe hesabu ya mabanda ya farasi wa Sulemani. Moja litasema 40,000, jingine 4,000. Kisha Yuda: Mathayo 27:5 na Matendo 1:18. Usiseme lolote kwa robo saa. Utawasikia wakijaribu: mwandishi alikosea sifuri, huyu anaeleza alivyojinyonga na yule kilichotokea baadaye, hizi ni kumbukumbu mbili tofauti. Kijana wa hesabu atakuambia Waebrania hawakuwa na sifuri, naye atakuwa sahihi, ingawa tarakimu kukosewa katika kunakili ni maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali.

Wakishamaliza, waeleze kwamba Wakristo hawasemi kwa sauti moja. Wainjili walioandika Tamko la Chicago mwaka 1978 wanashikilia kwamba maandiko ya asili hayana kosa katika lolote yanalothibitisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Dei Verbum ya 1965, unaweka mkazo kwenye ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Mimi naegemea upande wa pili. Mchungaji wako pengine ni wa upande wa kwanza. Mwulize kabla ya kipindi, usimshangaze mbele ya waumini wake.

Iringa kuna swali la ziada. Wanafunzi hupelekwa Isimila, kilomita chache kutoka mjini, wakaona mashoka ya mawe ambayo watafiti wanayakadiria kuwa na zaidi ya miaka 200,000. Wanarudi na Mwanzo 1 kichwani. Wapo waumini wazuri wanaosoma siku sita kama siku za saa 24, na wapo waumini wazuri wanaosoma sura ile kama ungamo kuhusu nani aliyeumba, lililopangwa kwa mwendo wa kiibada, ambalo halikuandikwa kutoa tarehe. Mwanafunzi aruhusiwe kujua kwamba pande zote mbili zipo kanisani. Asilazimishwe kuchagua kati ya Isimila na ubatizo wake.

Hatua ya sita: someni kwa lugha ya nyumbani

Jioni moja Kiswahili kipumzike. Mwenye Kinyakyusa asome, mwenye Kihehe, mwenye Kisafwa. Mjini Mbeya watafsiri wa shirika la SIL wamekuwa wakifanya kazi pamoja na makanisa kwa lugha za huku, zikiwemo Kisafwa, Kimalila, Kinyiha, Kisangu, Kivwanji, Kikinga na Kibena. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja chumbani. Rasimu inaandikwa na mwenye lugha, inasomwa kijijini ili wazee waseme wameelewa nini, inarudishwa kwenye lugha nyingine ili mshauri aone kama maana imehama, inasahihishwa, inasomwa tena. Anayedhani tafsiri ni mahali ambapo Neno hupotea ahudhurie upimaji mmoja tu. Bibi wa kijijini ni mkaguzi mkali kuliko profesa.

Jambo la kuzungumza jioni hiyo ni jina. Mnyakyusa husoma Kyala, na kule Ubena, Uhehe na Ukinga watu humtaja Nguluvi. Hayo ni majina waliyoyakuta wamisionari. Kyala, kwa mfano, alitajwa katika matambiko na masimulizi ya wazee kabla ya Rungwe kuwa na kengele ya kanisa, na mwanaanthropolojia Monica Wilson aliandika kwa kirefu juu ya hilo. Kulitumia jina hilo kwa Mungu wa Ibrahimu ulikuwa uamuzi mzito. Waulize wazee: ulikuwa sahihi? Mimi naona ulikuwa sahihi. Wazee wa Tukuyu wana hoja zao, na kipindi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuongoza kilikuwa cha kuwasikiliza wakipingana.

Kwa burudani, tafuteni Isaya 1:18, dhambi kuwa nyeupe kama theluji. Nani hapa ameiona theluji? Mtu wa Kitulo atasema ameona sakitu asubuhi juu ya majani, na atakuwa amemkaribia Isaya kuliko sisi wote.

Hatua ya saba: “Sura gani, mstari gani?”

Wafundishe kuuliza hilo bila kiburi. Mifano ya kuanzia: “Sauti ya wengi ni sauti ya Mungu” haimo katika Biblia. Mamajusi kuwa watatu, Mathayo hakuwahesabu. Tunda la Edeni halikuitwa tofaa. Paulo hakuanguka kutoka juu ya farasi, Matendo 9 haina farasi. Fedha si shina la maovu, 1 Timotheo 6:10 inazungumzia kuipenda.

Na mimi sina usafi hapo. Msibani, mbele ya watu wengi, niliwahi kuwaambia wafiwa kwamba Maandiko yanasema Mungu humsaidia anayejisaidia. Bibi mmoja mwenye kanga mbili mabegani akanisubiri mpaka mwisho, akanishika mkono: “Mwanangu, nionyeshe mstari huo nikausome na mimi.” Nilitafuta siku mbili. Haupo. Nilirudi kwake kumwambia, akacheka, akanipa parachichi nne.

Kwa yule ambaye mama yake ameuza mahindi, hatua hii ndiyo dawa. Someni pamoja Matendo 17:11, jinsi watu wa Beroya walivyosifiwa kwa kuyachunguza Maandiko ili wahakikishe kama aliyosema Paulo ni kweli. Kama mtume alipimwa, na ikaandikwa kuwa ni sifa njema kwa waliompima, muuza chupa anaweza kupimwa. Muombeni mstari, kisha someni sura nzima alikoutoa, mkianzia juu yake na kumalizia chini. Kumbukeni pia kwamba namba za mistari si za mitume, za Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Mstari uliochomolewa peke yake umechomolewa na mtu.

Swali likikushinda, liandike kwenye daftari mbele yao, mpigie mchungaji au padri, na urudi na jibu Jumatano. Kwa jioni ya kwanza ya uvuvio andaa Warumi 16:22, Luka 1:1–4 na Yeremia 36. Ya Yeremia ni ndefu, mpe msomaji mwenye sauti, na mkaa uongezwe kabla hajaanza.